Barua ya wazi kwa IEBC na Bunge: tuambieni nani anazilipia kampeni

Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka,
Kwa Maspika wa Bunge la Taifa na Seneti, na wabunge wote.

Malindi, Januari 2026

Waheshimiwa,

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, mabango hubandikwa sokoni na kwenye kuta za zahanati, na maneno huwa ni yale yale: usiuze kura yako. Mimi nimewahi kuifanya kazi ya kuelimisha wapiga kura kupitia shirika moja dogo la huku kwetu, na nakijua kilichomo ndani ya mkoba wa mwelimishaji. Kuna mifano ya karatasi sita za kura na rangi zake. Kuna maelezo ya jinsi ya kuikunja karatasi, saa za kufungua na kufunga kituo, kitambulisho kipi kinakubalika. Yote yanahitajika, kwani wapo watu wazima wenye akili zao timamu wanaochanganya karatasi ya seneta na ya mbunge. Lakini hamna ukurasa hata mmoja wa kumweleza mpiga kura fedha zinazomwagwa mtaani kwake zimetoka wapi, jumla yake ni ngapi, na aliyezitoa anatarajia kulipwa nini.

Na hilo ndilo swali tuliloulizwa. Lilitoka kwa kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa na kwa vijana wa steji za bodaboda. Bwana fulani mwaka juzi alikuwa akikopa nauli, leo ana magari manne ya kampeni yenye vipaza sauti: nani anamgharamia? Hakuna mwelimishaji anayeweza kulijibu, kwa sababu jibu halipo mahali popote ambapo raia anaweza kulisoma. Kwa hiyo nalileta kwenu.

Walioandika Katiba ya 2010 hawakuyatenga mambo haya. Kifungu cha 88(4) kinaorodhesha kazi za Tume. Aya ya (g) ni elimu ya mpiga kura. Shuka kidogo tu, aya ya (i), unakuta udhibiti wa kiasi cha fedha ambacho mgombea au chama kinaweza kutumia katika uchaguzi. Kazi ya kwanza mmekuwa mkiifanya, kwa uhaba wa bajeti na kwa haraka. Ya pili haijawahi kufanyika katika uchaguzi mkuu wowote.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa 2013. Inamtaka mgombea afungue akaunti ya benki ya kampeni, aweke watu wa kusimamia matumizi, kisha atoe hesabu. Inakataza chanzo kimoja kutoa zaidi ya asilimia 20 ya michango yote, ili asitokee tajiri mmoja akamweka mwanasiasa mfukoni. Agosti 2016 Tume ilitangaza viwango, kikiwemo cha shilingi bilioni 5.2 kwa mgombea urais. Bunge likaisimamisha sheria yenyewe mpaka uchaguzi wa 2017 upite. Agosti 2021 Tume ikarudi na viwango vipya, bilioni 4.4 kwa urais. Bunge likavitupilia mbali kwa hoja za utaratibu, na uchaguzi wa 2022 ukaendeshwa kila mtu akitumia alichoweza. Mtoto aliyezaliwa mwaka sheria hiyo ilipopitishwa sasa ameshafikia umri wa sekondari msingi. Mara zote mbili, waliotakiwa kupimwa ndio walioishika mizani, na sijui kwa nini tunajifanya kushangaa.

Naomba niwaeleze soko lenyewe linavyokwenda, maana katika mikutano ya hotelini husemwa "hongo" kana kwamba ni mtu mmoja anayempa mwenzake noti chini ya meza. Mgombea mwenyewe ni nadra kutoa noti. Pesa hupita kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa M-Pesa. Hupita kwa kiongozi wa steji anayegawa mafuta ya msafara, kwa mzee anayeheshimika mtaani, kwa timu ya mpira inayohitaji jezi. Huku pwani kuna leso zenye picha na jina la mgombea. Kikundi huletewa mahema na viti vya plastiki ambavyo baadaye vitakodishwa harusini na matangani, na mama aliyekuwa akiviazima kwa jirani kila anapofiwa hawezi kuona ubaya hapo. Hata mimi sioni ubaya wa viti. Ninachotaka kujua ni nani aliyevinunua.

Siku zikikaribia, zawadi za kikundi hupungua na taslimu huanza: mia mbili, mia tano, na elfu moja pale ushindani ulipokaza. Hapo ndipo huchipuka biashara ya kinyume, ya kuwalipa watu wasipige kura. Kitambulisho hushikwa mpaka matokeo yatangazwe, hasa katika mitaa inayojulikana kuwa ngome ya mpinzani. Mwenye kitambulisho hicho huhesabiwa kuwa ni mtu "asiyejali uchaguzi", kisha sisi waelimishaji tunatumwa tukamhimize ajitokeze.

Kisha kuna mlango ambao Tume inaweza kuufunga yenyewe, bila kulisubiri Bunge. Kura ni siri, kwa hivyo mnunuzi hana hakika kwamba alicholipia amekipata. Atafanyaje? Njia moja ni picha ya simu, na hiyo makarani wanaijua. Njia nyingine ni ya mpiga kura anayesaidiwa. Kanuni zinamruhusu asiyeona au asiyejua kusoma aingie na mtu anayemwamini, na asiye na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa wagombea. Ni kanuni ya haki na isiguswe. Lakini anayesoma jumbe za simu kutwa nzima, akifika mbele ya msimamizi na kusema hajui kusoma, akalitaja jina la mgombea wakala akisikia, huyo ametoa risiti. Msimamizi anatakiwa kuandika kila aliyesaidiwa. Basi itangazeni idadi hiyo kituo kwa kituo, pamoja na matokeo. Kituo kimoja kikiwa na waliosaidiwa watatu, na cha jirani yake, watu wale wale na shule ile ile, kikawa na sitini, tutajua pa kuulizia.

Nimesikia viongozi wakisema kwamba tatizo ni ujinga wa wapiga kura. Madai hayo hayana heshima, na pia si kweli. Mpiga kura wa kwetu anaujua mkataba anaowekewa mbele kuliko mnavyodhani. Anajua kwamba baada ya Agosti hatamwona mtu kwa miaka mitano, kwamba barabara iliyoahidiwa 2013 iliahidiwa tena 2017 na 2022, na kwamba kitu pekee cha hakika atakachokipata kutoka kwa siasa ni hicho kilichoko mkononi leo. Mkono mtupu haulambwi. Na wengi hupokea kwa wagombea watatu, hula kote, kisha hupiga kura wanavyotaka. Ningekuwa mgombea ningelia.

Kama ni hivyo, kwa nini wagombea wanaendelea kumwaga? Nimelifikiria sana jambo hili, na ninavyoona, kazi kubwa ya fedha hufanyika kabla karatasi ya kura haijachapishwa. Fedha haiwezi kuthibitisha kila kura, lakini inaweza kuamua ni nani atakayethubutu kugombea. Utafiti wa Westminster Foundation for Democracy uliotolewa 2021 ulikadiria kwamba mgombea ubunge wa 2017 alitumia kwa wastani shilingi milioni 18.2. Wa useneta milioni 35.5, wa uwakilishi wa kike wa kaunti milioni 22.8. Hata mwakilishi wa wadi, ambaye kazi yake ni kufuatilia zahanati, soko na mitaro, wastani ulikuwa milioni 3.1. Muuguzi mwenye kuijua zahanati hiyo chumba kwa chumba atazitoa wapi? Mwalimu je? Wao huishia kwenye mchujo wa chama, na katika maeneo ambako tikiti ya chama fulani ndiyo kiti chenyewe, mchujo ndio uchaguzi. Tunapofika kituoni siku ya Jumanne ile ya Agosti, tumeshachaguliwa wa kuwachagua.

Mbunge hulipwa zaidi ya shilingi laki saba kwa mwezi kabla ya kodi. Milioni 18.2 ni mshahara wake wote wa miaka miwili na zaidi, hata kama hatakula wala kulipa karo ya mwanawe. Mtu anayeingia bungeni na deni la namna hiyo ana waliomkopesha, na hao si mama wa leso. Mama alipewa. Waliomkopesha ni wenye kutaka tenda, kibali, kipande cha ardhi ya ufuo, au sheria fulani ilale kwenye kamati mpaka muhula uishe. Hao ndio wapiga kura wake wa kweli, na majina yao ndiyo ambayo hatuna.

Tuliwahi kulipa gharama ya kutojua. Kabla ya uchaguzi wa 1992, Youth for KANU '92, kundi la kukipigia debe chama tawala, ilimwaga fedha nchi nzima kiasi kwamba watu waliibatiza noti ya shilingi mia tano "Jirongo", jina la kiongozi wake, na jina hilo likadumu miaka mingi. Wakati huo huo Hazina ilikuwa ikitoa mabilioni kupitia kampuni ya Goldenberg, kufidia mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo. Fedha zilizoingizwa mtaani kwa njia kama hizo zilichangia mfumuko wa bei uliofika karibu asilimia 46 mwaka 1993. Aliyepokea noti ile Desemba aliirudisha kidogo kidogo mwaka mzima uliofuata, kila aliponunua mafuta na unga, pamoja na jirani yake ambaye hakupewa chochote. Ukweli wa Goldenberg ulikuja kuelezwa hadharani na tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa 2003. Miaka kumi na mmoja baada ya kura kupigwa!

Kuna fedha nyingine ambazo kisheria si hongo hata kidogo, na hizi ndizo ngumu zaidi kumweleza mtu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilishusha bei ya pakiti ya unga wa kilo mbili kutoka zaidi ya mia mbili hadi mia moja. Uchaguzi ukapita, ruzuku ikaondolewa. Angalia pia basari. Mfuko wa NG-CDF, wa maendeleo ya maeneobunge, ni fedha za umma, angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa, lakini mzazi hupokea hundi mbele ya kamera, mbunge akitabasamu kama baba aliyeuza ng'ombe wake. Mzazi akiondoka pale, ukimwambia kuwa mbunge kazi yake ni kutunga sheria, kuwakilisha na kuisimamia serikali isiibe, atakuangalia tu. Amesomeshewa mwana. Hiyo ndiyo elimu ya mpiga kura inayotolewa mwaka mzima, na bajeti yake inazidi ya kwenu mara nyingi.

Viongozi wenyewe wanalijua hili. Baada ya maandamano ya vijana ya 2024, rais alitangaza Julai mwaka huo kuwa maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba ya mwaka huo huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lililazimika kuzikataa fedha alizozitoa yeye mwenyewe katika parokia ya Soweto, pamoja na za gavana wa Nairobi, likaagiza zirudishwe. Mimi ni Mwislamu na sikuwa na la kusema kuhusu sadaka ya kanisa la watu, lakini siku ile niliwaheshimu maaskofu. Misikiti yetu nayo ina mazulia ambayo imamu hatayaulizia yalikotoka.

Jirani zetu wa Tanzania walipita njia hii kwa namna yao. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi iliruhusu takrima, kwa hoja kwamba kumkirimu mgeni ni mila ya Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, na 2010 wakatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi yenye viwango na matamko ya mapato. Sisemi kwamba huko hongo imekwisha, na mtu yeyote wa Tanga atanicheka nikisema hivyo. Lakini walau huko hakuna atakayesimama mahakamani akasema takrima ni utamaduni. Huku kwetu hoja hiyo bado inatembea na viatu vipya.

Nije karibu na nyumbani. Katika uchaguzi wa 2022, kiti cha ubunge cha Magarini kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 21. Kesi ikapanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, uchaguzi ukafutwa 2025, na wakazi wakarudi vituoni Novemba 27 mwaka huo huo. Kesi ile haikuwa ya hongo na sitaki nieleweke vibaya. Nataka mfanye hesabu tu. Ishirini na moja ni watu wa meza mbili za mkahawa. Kwa bei ya mia tano kila mmoja, ni shilingi elfu kumi na mia tano. Anayedhani hongo ndogo ndogo haiwezi kugeuza kiti hajawahi kuuona mji wenye wagombea wawili wanaokabana koo.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtisha mtoaji na mpokeaji. Ningependa kuona ikitumika kuanzia juu. Kumkamata mama mwenye leso mbili ni rahisi, na picha yake itapendeza kwenye ripoti, lakini atarudi nyumbani akiamini kuwa sheria iliandikwa kwa ajili ya watu kama yeye, na safari hii atakuwa na ushahidi.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kwa sheria, viwango vya matumizi vinatakiwa viwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali angalau miezi kumi na miwili kabla. Maana yake ni kwamba mna hadi Agosti 10 ya mwaka huu. Tume, msingoje Juni ndipo mpeleke karatasi bungeni, zikapate kurudishwa kwa kosa la tarehe au la sahihi. Zipelekeni sasa, na mkishazipeleka tangazeni siku hiyo hiyo redioni, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kwamba ziko mezani mwa Spika. Maspika, kikifika kipindi cha kuzijadili, kura ya kila mbunge ipigwe kwa jina. Anayeona bilioni nne hazimtoshi mgombea urais, na atuambie kwa mdomo wake.

Viwango peke yake havitatosha, kwani mtu anaweza kuandika bilioni nne na kutumia kumi. Ndiyo maana nayapa uzito zaidi majina. Kila mgombea, kuanzia wa wadi, aorodheshe waliomchangia zaidi ya kiasi fulani, kampuni zikiwemo pamoja na wakurugenzi wake, na orodha itoke kabla ya siku ya kupiga kura. Ikitoka baada yake itakuwa ya wanahistoria. Isiwekwe kwenye tovuti peke yake. Nusu ya watu ninaowaandikia habari zao hununua bando la shilingi ishirini, na hawatalimaliza kwa kutafuta faili lenu. Ibandikwe nje ya ofisi ya chifu na kwenye ukuta wa kituo, kwa herufi za kusomeka. Baada ya uchaguzi, kaunti nazo zibandike orodha ya waliopata tenda. Vijana wetu watazisoma zote mbili pamoja, wala hawahitaji semina ya kuwafundisha jinsi ya kufanya hivyo.

Kuhusu elimu ya mpiga kura, wekeni kwenye mkoba ule ukurasa mmoja wa nyongeza, unaosema nani hutoa nini na kwa fedha za nani: basari ni ya kodi yako, zahanati ni ya kaunti, polisi si wa gavana, mbunge hajengi barabara kuu. Waelimishaji waajiriwe mapema, wakae wadi moja mwaka mzima, badala ya kuteremshwa kwa gari wiki chache kabla ya kura na kuondoka kabla watu hawajauliza swali la pili.

Nitashukuru nikipata jibu lenu, na nitalisoma kwa sauti kwenye baraza letu. Jibu lisiwe la asante kwa maoni yako. Liwe na tarehe: siku ambayo viwango vitafika bungeni, na siku ambayo orodha ya kwanza ya wafadhili itabandikwa.

Wasalaam,
Mpiga kura, Kaunti ya Kilifi